Natafuta njia za baiskeli za changarawe zisizo na magari, Amani au Lushoto. Wajuvi njooni hapa

#1 Mtoto wa Barabara ya 12

Wakuu habari za jioni.

Mimi ni mtu wa baiskeli tangu darasa la tatu, na kwa mji wetu wa Tanga hilo si la kujisifia. Mama yangu mpaka leo anakwenda soko la Mgandini kwa baiskeli, baibui kalikunja ubavuni lisiingie kwenye spoku. Miaka ya karibuni nimejizoesha kila Jumamosi alfajiri kutoka Ngamiani mpaka Muheza na kurudi, mazoezi tu ya kupunguza tumbo.

Sasa wiki tatu zilizopita, pale Mkanyageni, basi lilinipita karibu mpaka kioo chake kikanipangusa bega. Halikunigonga. Lilinipangusa, kama mtu anavyokufuta vumbi kwenye koti. Nikashuka, nikakaa chini ya mchungwa wa watu, nikapewa chungwa, nikalila bila kusikia kama ni tamu au chungu.

Lami na mimi basi. Nataka kupanda Amani kwa baiskeli nikipita msituni, kwenye changarawe, bila kukutana na magari, au basi yawe machache ya kuhesabika. Baiskeli yangu ni mtumba wa Japani, tairi za meno, gia 21, breki za kawaida za kubana rimu. Nimetazama ramani ya kwenye simu, inanionyesha barabara moja tu ya Muheza hadi Amani, ile ile ya mabasi na bodaboda.

Je, ipo njia nyingine? Na ruhusa inaombwa wapi? Wa Lushoto nao wanakaribishwa, ingawa moyo wangu uko Amani.

#2 Kipanga wa Chumbageni

Njia isiyo na gari ipo. Inaanzia kitandani kwako inaishia mlangoni.

#3 Mtoto wa Barabara ya 12

Mkuu hata hapo mlangoni kuna bodaboda inasubiri 😂

#4 Mwana wa Pongwe

Naweka kambi hapa. Ngoja wajuvi waje.

#5 Mstaafu wa Mitiki

Vijana, nawaona mnahangaika na simu. Simu haijawahi kubeba gogo.

Nimefanya kazi shamba la miti la Longuza, huko Muheza, miaka mingi, naandika ninachokijua. Kule kuna aina tatu za barabara na kila moja ilichimbwa kwa sababu yake. Ukiijua sababu, utajua kama itakufaa.

Ya kwanza ni barabara ya serikali, hiyo mnayoiona kwenye simu. Iacheni.

Ya pili ni barabara za shamba. Longuza ni mitiki, mistari kwa mistari, na shamba zima limegawanywa vipande, tunaviita kompatimenti. Kila kompatimenti ina barabara yake kwa sababu siku ya kuvuna lori lazima lifike. Lakini mtiki si mchicha, unakaa ardhini miaka 25, 30. Kwa hiyo mwaka wowote ule wanavuna kompatimenti chache, na barabara za kompatimenti nyingine zinabaki zimelala. Zimelimwa vizuri, zina mitaro, zina kalavati za kupitishia maji chini ya barabara, na hakuna anayepita isipokuwa walinzi na wanakijiji waokotao kuni. Hizo ndizo zako mwanangu. Lori lenye magogo halipandi mlima kama mbuzi, kwa hiyo barabara yake imezungushwa taratibu, na mguu wako utashukuru.

Ya tatu ni tuta la reli. Wengi hamjui. Reli ya Tanga ilianza kujengwa 1893, ikafika Muheza 1896. Baadaye, kabla ya Vita ya Kwanza, Wajerumani wakachepusha kireli kidogo kutoka Tengeni kwenda Sigi, cha kutolea mbao msituni na kupelekea mizigo chuo chao cha kilimo cha Amani walichokianzisha 1902. Reli yenyewe iling'olewa zamani, mashamba yamelimeza tuta. Ila nyumba ya mkuu wa stesheni pale Sigi bado imesimama, ndiyo ofisi ya kupokelea wageni wa hifadhi ya msitu wa Amani.

Kama hujui njia, uliza wazee "tuta la gari moshi lilipita wapi?" Gari moshi halipandi mwinuko mkali, kwa hiyo popote palipobaki kipande cha tuta, baiskeli inateleza tu.

Sasa onyo. Usiingie shamba kimyakimya. Nenda getini, jitambulishe, uliza: "Mnavuna kompatimenti ipi?" Upande wanaovuna usiende hata kwa dawa. Mti ukiangushwa hauoni baiskeli.

#6 Mtoto wa Barabara ya 12

Shikamoo mzee wangu. Aisee hili la kompatimenti sikuwahi kulifikiria. Nitajuaje nikiwa ndani kwamba niko kwenye barabara ya magogo na siyo njia yoyote tu?

#7 Mstaafu wa Mitiki

Marahaba. Swali zuri.

Kuna kitu kinaitwa njia ya moto. Ni ukanda uliofyekwa kati ya kompatimenti na kompatimenti ili moto ukija usivuke. Ukiwa mgeni utaiona pana, safi, imenyooka, utasema hii ndiyo yenyewe. Siyo. Njia ya moto haikuchimbwa kwa ajili ya kusafiri, imefuata mgongo wa kilima, inapanda wima kama ngazi ya mnazi. Haina mtaro wala kalavati.

Ukiona kalavati, fuata. Ukiona fyeko tupu linapanda moja kwa moja, geuza.

#8 Binti Kwamkoro

Asante mzee kwa darsa. Mimi nimezaliwa juu, kwenye chai, baba alikuwa kiwandani. Wacha nikamilishe habari ya huko ambako mzee ameishia.

Kaka, ukishafika Sigi hakuna ujanja. Kutoka getini kupanda Amani ni barabara moja, haifiki kilomita 10, lakini unapanda karibu mita 450. Kona juu ya kona. Hapo utakutana na gari mbili tatu na bodaboda zilizobeba ndizi na watu. Hata hivyo zinapanda polepole, unazisikia tangu kona ya tatu nyuma yako, una muda wa kujibanza. Msitu unafunika barabara juu, hata saa sita mchana ni kama magharibi. Usione aibu kusukuma. Sisi tunasukuma, tena tumezaliwa huko.

Raha yenyewe inaanza juu. Barabara za mashamba ya chai, Monga, Derema, Bulwa, Kwamkoro, zinapita chai kidogo, msitu kidogo, chai tena, msitu tena. Ni changarawe na udongo mwekundu, na zimezunguka vilima, hazivikatizi. Magari ni malori ya majani mabichi tu, nayo yana ratiba: yanazunguka kukusanya magunia mchana na tena jioni baada ya kupima. Asubuhi, tangu jua lichomoze mpaka wachumaji wameingia kazini vizuri, barabara ni yako na ya ndege.

Halafu adabu ndogo tu, msinielewe vibaya. Msipite mbio kwenye mstari wa akina mama wenye vikapu mgongoni. Shuka, salimia, sukuma mpaka uwapite. Wana mzigo na njia ni nyembamba. Ukisalimia vizuri utaelekezwa njia ambayo simu yako haiijui, na pengine utapewa ndizi.

Malazi yapo: hifadhi ina nyumba za wageni Sigi na Amani. Piga ofisini kabla, hasa sikukuu. Beba sweta, Amani usiku siyo Ngamiani.

#9 Mkaanga Pweza

Kwa hiyo na kulipia kiingilio? Nilipe kuingia msitu wa babu zangu kwa baiskeli yangu na miguu yangu? Hapo ndipo huwa mnanichosha.

#10 Binti Kwamkoro

Kaka yangu, ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu 1997, hekta 8,380, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio cha Mtanzania siyo cha mgeni, usidhani utalipa dola. Wanakutolea namba ya malipo, unalipa kwa simu, unapewa stakabadhi. Barabara ya kwenda kijijini kwetu hulipii kama unapita tu kwenda kwa shangazi. Unalipia kama umekuja kutembea msituni.

#11 Mkaanga Pweza

Na mimi shangazi yangu yuko huko.

#12 Kipanga wa Chumbageni

Leo shangazi wa Amani wataongezeka ghafla 😂😂

#13 Mwana wa Pongwe

Mkaanga Pweza, maji unayooshea hao pweza yanatoka bwawa la Mabayani, na Mabayani inalishwa na Mto Zigi, na Mto Zigi unatoka huko huko msituni. Msitu ukifyekwa tutafungua bomba litoke tope. Lipa ndugu yangu, hesabu ni bili ya maji.

#14 Mkaanga Pweza

Hapo umenigusa. Bili ya maji nalipa.

#15 Fundi Spoku

Nyote mnaongelea kupanda. Kupanda hakujawahi kumuua mtu, anachoka anakaa. Niulizeni mimi kuhusu kushuka, maana wanaoshuka vibaya wananiletea baiskeli asubuhi yake.

Mleta uzi umesema breki zako ni za kubana rimu. Sikiliza. Mteremko wa Amani kushuka Sigi ni mrefu na wa kona. Mtu anaogopa, anabana breki kidogo kidogo bila kuachia tangu juu mpaka chini. Raba inasugua rimu dakika 20 mfululizo, rimu inapata moto kama kikaango. Joto linapita kwenye tyubu, solusheni ya kiraka cha zamani inalainika, kiraka kinaachia. Tairi linapukutika hewa ukiwa kwenye kona yenye kokoto. Mteja wangu mmoja aliingia kwenye chai hivyo hivyo, na bahati yake ilikuwa chai. Ingekuwa mtaro wa mawe ningekuwa nawaandikia habari nyingine.

Fanya hivi. Kabla ya safari badilisha raba zote nne, usiniambie bado zina nusu. Tyubu yenye viraka vitatu iache nyumbani. Ukishuka, bana kwa nguvu kabla ya kona, punguza mwendo, halafu achia kabisa rimu ipumue. Bana, achia. Tumia breki zote mbili, ya mbele isiachwe likizo, ila ukiwa kwenye kokoto legelege usiikamate ghafla. Kila baada ya kona kadhaa simama, piga picha zako za mtandaoni, rimu ipoe. Na usiiguse kwa kidole ili ujue kama ina moto. Ina moto.

Upepo: wengi wanajaza tairi mpaka ligonge kama jiwe. Kwenye lami sawa. Kwenye changarawe punguza, ukibonyeza kwa dole gumba liingie kidogo. Tairi gumu linaruka juu ya kokoto, tairi lenye ulaini kidogo linaikumbatia.

Mwisho mudigadi. Udongo mwekundu ukinyeshewa unanata. Unajaza ile nafasi kati ya tairi na mudigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Beba spana namba 10 uitoe, au uiache nyumbani tangu mwanzo.

#16 Mwana wa Pongwe

Fundi nimekuja kwako na Phoenix ya marehemu babu, breki zake za vyuma. Itapanda?

#17 Fundi Spoku

Itapanda ukiisukuma. Itashuka kwa miguu yako. Wenyeji wanashuka nazo wakiwa na mikungu miwili na katambuga wanakanyagia tairi la nyuma. Wewe usijaribu, wewe ni mtu wa ofisini.

#18 Soni Kwetu

Nimesoma yote nikisubiri mtu ataje Usambara Magharibi, wapi. Amani hii na Amani hii. Ngoja niwakumbushe kwamba Lushoto pia ni Tanga.

Kwanza, mtu asije na wazo la kupanda kutoka Mombo kwenda Lushoto kwa baiskeli. Ni lami, nyembamba, ukuta upande mmoja na bonde upande wa pili, na mabasi yanakata kona yakipiga honi. Kwa mleta uzi mwenye historia ya kioo cha basi, hapana. Weka baiskeli juu ya gari pale Mombo, panda nayo.

Ukifika Lushoto uko mita 1,400 na ushei tayari. Unapanda Magamba. Hapo unaingia Hifadhi ya Magamba, msitu mnene, mbega wanaruka juu yako, kilele chake kinafika mita 2,230. Ndani kuna barabara za zamani za wapasua mbao. Mbao ziliisha, barabara zimebaki, nyingine nyasi zimeota katikati zikaacha mistari miwili tu ya magurudumu. Hizo za mistari miwili ndizo tamu kuliko zote, ukiendesha unasikia tairi tu.

Kutoka hapo unasogea Lukozi halafu shamba la miti la Shume, misonobari na misaipresi. Mzee wa Mitiki alichosema kuhusu kompatimenti kinafanya kazi Shume vilevile, sikuwa nimekipanga kichwani mwangu namna hiyo ingawa napita kila mwezi. Na historia tunayo: Wajerumani walifunga waya kutoka Shume mpaka Mkumbara kwenye reli huko bondeni. Magogo ya mitarakwa yalikuwa yanashuka yakining'inia hewani juu ya genge. Ukisimama ukingoni ukatazama tambarare ya chini, utaelewa kwa nini hawakujisumbua kuchimba barabara.

Ukiwa na siku mbili tatu endelea mpaka Mtae, mwisho wa milima. Chini yako Mkomazi, asubuhi mawingu yako chini ya miguu.

Kasoro, nisidanganye: barabara kuu ya Lukozi ina fuso za mboga. Kabichi, viazi, karoti, zinapakiwa mchana zinashuka jioni kwenda Dar. Baada ya saa tisa alasiri usiwe barabara kuu, uwe umeshaingia msituni au umeshafika unakolala. Na Juni mpaka Agosti kuna baridi ya kukufanya umkumbuke mama yako.

#19 Binti Kwamkoro

Lushoto pazuri, sikatai. Lakini misonobari ni msitu? Hiyo ni miti iliyopangwa foleni.

#20 Soni Kwetu

Na mitiki ya Longuza imekaa vipi dada, duara?

#21 Binti Kwamkoro

😂😂 Nimeshikwa. Lakini sisi juu ya mitiki tunao msitu wa Mungu.

#22 Soni Kwetu

Na Magamba imepandwa na nani?

#23 Mstaafu wa Mitiki

Acheni kugombana, yote ni Usambara. Kijana, masika usiende. Machi mpaka Mei barabara za shamba zinafungwa hata kwa malori yetu wenyewe. Vuli nayo, Oktoba mpaka Desemba, uitazame kwa jicho moja. Januari, Februari, halafu Juni mpaka Septemba ndiyo safari. Ila Amani haina mwezi usio na mvua kabisa, beba nailoni ya kufunikia begi.

#24 Mtoto wa Barabara ya 12

Wakuu nimeshukuru sana. Nimeamua, Amani kwanza. Natoka Jumamosi ijayo. Nitaleta mrejesho.

#25 Kipanga wa Chumbageni

Mrejesho bila picha hatupokei.

#26 Mtoto wa Barabara ya 12

MREJESHO

Wakuu nimerudi juzi, magoti ndiyo yanarudi leo. Picha nitaweka kesho, simu iliingia maji.

Baiskeli niliipandisha juu ya gari la abiria alfajiri mpaka Muheza, lami sikuigusa. Kutoka hapo nikafuata njia za mashamba ya machungwa kuelekea upande wa Tengeni. Nilimuuliza babu mmoja habari ya tuta la gari moshi. Akacheka, akasema yeye mwenyewe amelima muhogo juu yake. Akanionyesha kipande, kama mwendo wa sigara moja hivi, kimeinuka kidogo kuliko shamba, kimenyooka halafu kinapinda taratibu mno. Nikapita juu yake kati ya muhogo. Mzee wa Mitiki, ulisema kweli. Kilima unakiona kwa macho lakini kwenye pedeli hukisikii.

Getini Longuza mlinzi aliniandika kwenye daftari, akaniuliza nauza nini. Nikamwambia siuzi, natembea. Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akasema "haya". Nikauliza kompatimenti wanayovuna, akanyoosha kidole upande wa mto: huko usiende. Nikashika upande wa pili.

Wakuu, sijui niwaelezeje ile sehemu. Mitiki imepukutisha majani kwa ajili ya kiangazi, na jani la mtiki ni kubwa kama sahani, kavu, gumu. Barabara nzima imetandikwa majani. Tairi likipita yanavunjika kama unakanyaga papadi, kilomita kwa kilomita. Nikisimama, kimya. Nikianza tena, papadi. Nilijikuta nasimama na kuanza, kusimama na kuanza, kama mtoto. Kuanzia geti la Longuza mpaka kutokea karibu na kijiji cha Kisiwani nilihesabu: gari sifuri, bodaboda nne, trekta moja la shamba, na mlinzi mmoja kwenye baiskeli kuukuu kuliko yangu. Ng'ombe sikuhesabu.

Sasa aibu yangu. Mzee alinifundisha kalavati, nikaitikia "sawa mzee". Kwenye njia panda nikaona barabara ya kushoto inazunguka na ya kulia imenyooka, safi, pana. Simu ikanionyesha kwamba kulia ni karibu. Nikashika kulia. Baada ya dakika tano niko chini nasukuma. Baada ya dakika 20 nasukuma huku nimeinama mpaka kidevu kinagusa usukani. Baada ya dakika 40 nimefika mgongoni mwa kilima, nimelowa kama nimetoka baharini, nachungulia upande wa pili, naona nini? Barabara ya kushoto. Iko hapo chini, imezunguka kilima kistaarabu, na kalavati yake nyeupe inaniangalia.

Nikashuka nayo upande wa pili nikiwa nimeibeba begani.

Mvua ikanikuta karibu na Kisiwani. Haikuwa kubwa, nusu saa tu, lakini udongo uligeuka unga wa ngano. Fundi, ile mudigadi sikuitoa nyumbani. Gurudumu la nyuma lilianza kunung'unika, likapunguza mwendo, likasimama kabisa nikiwa juu, nikaenda chini ubavu. Nikakwangua kwa kijiti, natembea hatua kumi limejaa tena. Nikatoa spana, nikazing'oa zote mbili, nikazifunga kwenye karia. Zimerudi nyumbani zikiwa mizigo.

Kisiwani nikagundua na pancha, mwiba. Mama mmoja muuza chai akanipa beseni la maji nitafute tundu. Tukainama mimi, yeye na watoto wake watatu juu ya beseni tukitazama tyubu, mtoto mdogo akaona kipovu kabla yetu wote, akapiga kelele "hicho!" Nikabandika kiraka, nikanywa chai yenye hiliki, hiliki ya kweli siyo harufu, na mihogo ya kuchemsha. Mama akakataa hela ya beseni, akachukua ya chai.

Sigi nililipa. Namba ya malipo ilitoka haraka, mtandao ndio ulikuwa haupo. Ofisa mwenyewe alinionyesha jiwe la kusimama juu yake ili simu ishike. Nikasimama juu ya jiwe na mkono juu kama mtu anayeomba mvua. Mkaanga Pweza, shangazi yako sikumwona. Ile nyumba ya mkuu wa stesheni ipo kweli, ya mbao, na karibu yake pale kwenye mawe yenye kivuli wakanionyesha kile kimaua cha zambarau cha Usambara ambacho Mjerumani mkuu wa wilaya alipeleka mbegu zake kwao 1892, sasa kiko madirishani dunia nzima. Kwao kinaota ubavuni mwa jiwe, hakuna anayekimwagilia.

Kupanda: nilipanda kwa pedeli kona nane za mwanzo, nilizihesabu. Zilizobaki nilisukuma. Nilikutana na gari mbili na bodaboda kama sita. Dada Binti Kwamkoro, ulisema nitazisikia tangu mbali na ndivyo ilivyokuwa. Niliingia Amani giza linaingia, ukungu nao unaingia, nikalala kwenye nyumba ya hifadhi na sweta na blanketi mbili.

Asubuhi ya pili ndiyo nitakayoikumbuka. Nilitoka saa kumi na mbili na nusu kuelekea Monga, halafu Derema. Chai ina umande, barabara nyekundu, kila kona unaingia msituni gizani na kutoka tena mwangani. Magari hakuna hata harufu yake. Kinyonga alikuwa anavuka barabara, mguu mmoja juu, anayumba mbele na nyuma kama anafikiria upya. Nilisubiri avuke. Nadhani ilichukua dakika saba na sikuwa na haraka yoyote. Nilipokutana na akina mama wa chai nilishuka nikasalimia kama nilivyoelekezwa. Nikapewa ndizi mbili na nikachekwa suruali yangu ya kubana.

Lori la majani nilikutana nalo moja tu, karibu saa sita, na dereva alizima injini nipite.

Kushuka nilifuata bana-achia ya Fundi. Kona kadhaa, nasimama. Mara ya pili niliposimama nilidondoshea rimu maji ya chupa, yakafanya "tssss" kama kwenye kikaango. Nikakaa pale robo saa.

#27 Fundi Spoku

Umefaulu. Ila maji baridi kwenye rimu yenye moto usirudie, ipoe yenyewe. Lete hiyo baiskeli Jumatatu niangalie gololi za gurudumu la nyuma, tope limeingia humo hata kama husikii.

#28 Mstaafu wa Mitiki

Nimecheka peke yangu hapa kibarazani mpaka mke wangu ameuliza kulikoni. Hicho kilima nakijua. Hata bwana miti mgeni alipandishwa hapo siku ya kwanza.

#29 Soni Kwetu

Umeandika vizuri mkuu. Sasa Shume lini?

#30 Mtoto wa Barabara ya 12

Agosti mkuu, Mungu akijalia, nikishanunua sweta la maana. Mwana wa Pongwe anasema anakuja na Phoenix ya babu yake, tafadhalini mzuieni.

Kuna jambo moja wakuu. Pampu yangu niliisahau Kisiwani kwa yule mama wa chai, pembeni ya beseni. Ni ya bluu, mpini wake umefungwa mpira. Kama kuna anayepanda wiki hii naomba aninunulie na chai hapo hapo, nitamrudishia.

#31 Binti Kwamkoro

Napita Alhamisi. Ila usitarajie ije kesho yake, vijana wote wa Kisiwani watakuwa wanajazia mipira.